Raketi Nne Ukingoni mwa Rusizi

Mto Rusizi huanzia pale Cyangugu ya Rwanda na Bukavu ya Kongo zinapotazamana, Ziwa Kivu linapobanwa na vilima na kugeuka mkondo. Kutoka hapo maji hukimbia kusini kwa zaidi ya kilomita mia moja, yakiporomoka karibu mita 700 kabla ya kufika Tanganyika. Novemba 1871 Livingstone na Stanley waliondoka Ujiji kwa mtumbwi hadi mlango wa mto huu ili kujua jambo moja tu: maji yanatoka Tanganyika au yanaingia? Waliyakuta yanaingia, na matumaini kwamba hapa ndipo njia ya Nile yakaishia hapo. Baada yao walikuja wapima mipaka, kisha wahandisi wa umeme, na kila mmoja aliufuata mto kwa haja yake.

Haja yangu ni raketi. Ziko nne: ya mpira wa meza, ya badmintoni, ya skwoshi na ya tenisi. Upo mchezo unaozikusanya zote katika pambano moja. Unaitwa raketloni, na umri wake hauzidi miongo minne na kitu. Watu wawili wanakutana, wanacheza michezo hiyo minne mmoja baada ya mwingine, kisha pointi zote zinajumlishwa. Nimeupenda tangu nilipouelewa, na kadiri ninavyotembea kati ya Kamembe na ufuko wa Cyangugu, hapa wilayani Rusizi, ndivyo ninavyoamini kwamba watu wa hapa wana sababu ya kuupenda kuliko wengi. Ili kuonyesha sababu hiyo imenibidi kurudi nyuma, kuifuata njia ambayo raketi zilipitia hadi kufika maeneo haya ya maziwa.

Shangi kabla ya raketi

Njia inaanzia Shangi, juu ya Ziwa Kivu, kaskazini ya Kamembe. Leo ni sehemu ya wilaya ya Nyamasheke, lakini zamani ilihesabiwa pamoja na Cyangugu. Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivuka Rwanda kutoka mashariki hadi ziwani. Mwaka uliofuata Mwami Kigeli Rwabugiri alifariki, na kabla ufalme haujatulia, mwaka 1896, askari wa Dola Huru ya Kongo walipiga kambi Shangi. Jeshi la Rwanda likiongozwa na Bisangwa liliwashambulia. Bunduki zikaamua, Bisangwa akauawa. Miaka miwili baadaye Wajerumani nao wakaweka kituo chao hapo hapo, na madai ya pande mbili yakaanza kusuguana kandokando ya ziwa. Mgogoro huo ulimalizwa mjini Brussels mwaka 1910, watu walioketi mezani mbali kabisa na Kivu walipokubaliana kwamba mto Rusizi uwe mpaka.

Wajerumani hawakuja peke yao. Walikuja na askari, wapagazi na makarani waliotoka pwani, na nyuma yao wafanyabiashara wa nguo na chumvi. Hao ndio walioleta Kiswahili kwenye vituo vya kijeshi na vijiji vya biashara. Kwa hiyo njia iliyotoka Bagamoyo na Dar es Salaam, ikapita Tabora na Ujiji, ilikuwa imekwisha kulimwa kabla raketi ya kwanza haijapandishwa huku. Michezo ya klabu ilipita palepale palipopita lugha, bunduki na marobota ya nguo, na kila kituo kipya cha utawala kilikuwa mahali ambapo siku moja uwanja ungesawazishwa.

Michezo iliyozaliwa mbali

Wakati Rwabugiri anapigana vita vyake, huko Uingereza michezo hii minne ilikuwa inapata sura tunayoijua. Mzazi wa mbali wa tenisi ni mchezo wa Ufaransa wa kupiga mpira ndani ya kuta, kwanza kwa kiganja, baadaye kwa raketi. Skwoshi ilitokana na wanafunzi wa shule ya Harrow, karne ya 19 ikiwa bado haijafika katikati, waliogundua kwamba mpira laini unaobonyea ukutani unamlazimisha mchezaji kukimbia zaidi. Badmintoni ilichukua jina la jumba la kabaila mmoja wa Kiingereza, lakini sheria zake za mwanzo ziliandikwa Pune, India, miaka ya 1870, na maafisa wa jeshi. Mwaka 1874 Meja Walter Clopton Wingfield alisajili hataza ya tenisi ya kwenye majani, na mwaka 1877 Wimbledon ikafanya mashindano yake ya kwanza. Mpira wa meza ulianza kama burudani baada ya chakula cha jioni, ukakomaa pale mpira wa seluloidi ulipopatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Shirikisho lake la kimataifa likaundwa mwaka 1926.

Kuna kitu kinachounganisha michezo hii na nchi iliyo ng'ambo ya Rusizi, na nadhani si haki kukipita kimya. Tenisi ya Wingfield isingewezekana bila mpira uliopikwa kwa salfa, unaodunda vizuri juu ya majani. Skwoshi pia ni mchezo wa mpira huo. Mahitaji ya dunia yalipopanda mwishoni mwa karne ya 19, Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold ililazimisha vijiji vya misitu ya magharibi na kaskazini kuvuna utomvu kwa mijeledi, kwa mateka na kwa mikono iliyokatwa, hadi Ubelgiji ilipomvua mfalme mali hiyo mwaka 1908. Sehemu kubwa ya mpira huo iliishia kwenye magurudumu ya baiskeli na magari. Lakini ni soko lile lile, na ni zama zile zile ambamo mabwana wa Ulaya walijifunza kupiga mpira mweupe Jumapili mchana.

Klabu na uzio

Pwani ndiko raketi zilikoshukia. Mombasa Sports Club ilianzishwa mwaka 1896. Unguja, Waingereza walitenga eneo la Mnazi Mmoja kwa gofu, kriketi na tenisi, mahali ambapo Waafrika wa mtaa wa Ng'ambo walipita kwa miguu kila siku wakienda na kurudi kazini. Nairobi ilipata Parklands Sports Club mwaka 1906. Wahindi, waliofungiwa milango ya klabu hizo, wakajenga klabu zao wenyewe, gymkhana, na humo badmintoni na mpira wa meza vikashamiri. Ni kwa mikono yao, na si ya watawala peke yao, kwamba raketi ziliingia madukani na mashuleni mwa Afrika Mashariki.

Upande wetu wa maziwa mtawala alibadilika mwaka 1916, Wabelgiji walipowaondoa Wajerumani. Usumbura ikawa makao makuu ya Ruanda-Urundi. Ng'ambo ya Rusizi, Bukavu ilikua kuwa mji wa walowezi ulioitwa kwa muda Costermansville, wenye nyumba za fahari kwenye rasi zinazoingia ziwani. Cyangugu ilibaki kituo kidogo mkabala na mji huo mkubwa, wenye ofisi, maduka na kivuko. Katika miji ya Wabelgiji maisha ya jioni yalizunguka klabu walizoziita sarkili: bwawa la kuogelea, baa, meza ya biliadi, uwanja wa tenisi wa udongo mwekundu. Waafrika waliosoma walipewa sarkili zao, mbali na zile. Shule za misheni, kama zile zilizokua karibu na parokia ya Mibirizi iliyoanzishwa mwaka 1903, zilitoa mpira wa miguu. Kila mchezo uliwekewa tabaka lake, na raketi zilibaki ndani ya uzio.

Hata hivyo uzio una matundu. Mwafrika aliingia klabu kama mkata majani, mhudumu, au mtoto wa kuokota mipira. Mtoto anayeokota mipira huona kila pigo mara elfu, na wageni wakishaondoka huchukua ubao na kujaribu. Kisa kikubwa kuliko vyote vya namna hii kilitokea Peshawar, penye klabu ya maafisa wa Kiingereza. Hashim Khan aliokota mipira hapo akiwa mtoto na kucheza pekupeku baada ya mabwana kuondoka. Mwaka 1951 alishinda Mashindano ya Wazi ya Uingereza ya skwoshi, kisha akayashinda mara sita zaidi. Afrika nayo ina kisa chake: mwaka 1971 mcheza tenisi wa Marekani Arthur Ashe alipopita Yaoundé alimwona kijana Yannick Noah akicheza, akamtafutia njia ya kwenda Ufaransa, na mwaka 1983 Noah akatwaa mashindano ya tenisi ya Roland Garros. Makocha wengi wa tenisi katika miji yetu, Kigali, Bujumbura, Kampala na Nairobi, walianza hivyo hivyo, wakiwa na kikapu cha mipira ya watu wengine mikononi.

Uwanja wa Kamarampaka

Anayetafuta historia ya michezo Rusizi lazima asimame Kamarampaka. Uwanja huu una jina la kura ya maoni ya Septemba 1961, iliyofunga ukurasa wa ufalme nchini Rwanda. Aprili 1994 Watutsi waliokimbilia hifadhi Cyangugu walikusanywa na kuzuiliwa humo. Wauaji walikuja na orodha, wakawaita watu kwa majina, wakawatoa nje kuwaua. Wengine waliuawa walipojaribu kuvuka kuelekea Kongo. Mahali palipojengwa ili watu wakutane pakawa zizi la kusubiria kifo katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Siandiki haya ili kupata giza la kupambia makala. Naandika kwa sababu baada ya 1994 kila anayepanga mchezo katika mji huu anafanya kazi nzito kuliko anavyofikiri. Anawaita tena watu kwa majina yao, safari hii waje kucheza. Ndiyo maana nauchukulia mchezo wowote unaoletwa hapa kwa uzito, na ndiyo maana napima kila mchezo kwa swali hili: unamfundisha nini mtu kuhusu mwenzake?

Mchezo wa kujumlisha

Raketloni ilianza Finland na Sweden katika miaka ya 1980, kwa watu waliochoka kubishana nani ni bora, wa tenisi au wa badmintoni. Mwanzoni mwa karne hii lilianzishwa shirikisho la kimataifa, na leo mchezo una mizizi hasa Ulaya na India. Sheria zake zinaeleweka kwa dakika moja. Mnaanza na raketi ndogo kuliko zote na kumaliza na kubwa: mpira wa meza, badmintoni, skwoshi, tenisi. Kila mchezo ni seti moja ya pointi 21, na mshindi wa seti lazima atangulie kwa pointi mbili. Kila mpira unaochezwa huzaa pointi, awe ameanzisha nani. Mwishoni hazihesabiwi seti, zinahesabiwa pointi. Zikilingana kabisa, inachezwa pointi moja ya tenisi, na hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Waswidi wanaiita pointi ya mkono wa mpira, kwa sababu hapo mkono hulegea kwa hofu.

Chukua mfano. Mchezaji wa kwanza ana malezi ya tenisi, wa pili ana malezi ya meza. Mezani wa kwanza anashindwa 10 kwa 21. Kwenye badmintoni anashinda 21 kwa 15. Skwoshi anashindwa 18 kwa 21. Wanaingia tenisi akiwa nyuma kwa pointi nane, 49 dhidi ya 57. Anapiga vizuri, na seti inafika 20 kwa 12. Jumlisha: kila mmoja ana 69. Akishinda mpira unaofuata, amepata ushindi wa 70 kwa 69. Akiukosa, seti inakuwa 20 kwa 13. Akipata ule unaofuata jumla ni 70 kwa 70, na wanaingia kwenye pointi ya mkono wa mpira. Sasa arudishe mawazo mezani, saa moja na kitu iliyopita, alipokuwa nyuma 7 kwa 18 na moyo ukamwambia aachie. Zile pointi tatu alizong'ang'ania wakati seti imekwisha kupotea ndizo zilizomfikisha hapa.

Hapo ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo kwangu. Katika tenisi ya kawaida unaweza kupoteza seti sita kwa sifuri, ukaifuta na kuanza upya. Katika raketloni hakuna kinachofutwa. Udhaifu wako unakwenda nawe hadi mwisho, na juhudi yako ndani ya udhaifu huo nayo inakwenda nawe. Anayejua mchezo mmoja tu, hata akiujua kwa kiwango cha kimataifa, anaweza kupata pointi 21 zake na bado akashindwa na mtu asiyeogopa kitu chochote kati ya vinne. Na kila mtu, bila kujali cheo, atafika mahali fulani ndani ya saa hiyo ambapo yeye ndiye mwanafunzi.

Mwili nao hupata shule kamili. Meza ina urefu wa mita 2.74 na mpira wake una uzito wa gramu 2.7, kwa hiyo kazi ni ya kifundo cha mkono na macho. Badmintoni inapigwa juu ya wavu wa mita 1.55 kwa kinyoya chenye manyoya 16, na bega na magoti ndiyo yanayolipa. Skwoshi inakufungia ndani ya chumba cha mita 9.75 kwa 6.4, pamoja na mpinzani wako, mkiangalia ukuta mmoja na kupishana kwa adabu ili msiumizane. Tenisi inakupa uwanja wa mita 23.77 na mpira wa karibu gramu 58, na hapo miguu iliyochoka hudaiwa deni la michezo mitatu iliyotangulia. Anayetoka mezani akashika raketi ya badmintoni lazima asahau kwa dakika chache alichokuwa anakifanya, na kipaji cha kusahau na kukumbuka upesi ndicho kinachotofautisha wazuri na wazuri zaidi.

Kwa nini Rusizi

Nenda soko la Kamembe siku ya watu wengi. Mama mwenye samaki anahesabu kwa Kinyarwanda, anapatana bei kwa Kiswahili na mnunuzi wa Bukavu, mnunuzi anageuka kumwambia mwenzake neno kwa Kimashi, na karatasi ya forodha iliyo mfukoni imeandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne, lakini watu wa Rusizi walikuwa wamekwisha kukitumia vizazi vingi. Mama huyo hana shahada ya lugha yoyote kati ya hizo. Anajua kila moja kiasi cha kutosha kutopoteza pointi za bure, na jumla yake ndiyo inayolisha nyumba. Raketloni inathamini akili ya namna hiyo. Michezo mingi hutukuza anayechimba kisima kimoja kirefu. Huu unamtukuza mtu wa mpakani.

Hali ya hewa yenyewe ina la kusema. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kamembe iko juu zaidi. Sheria za tenisi zinaruhusu mipira maalumu kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219, kwa sababu hewa nyepesi huuachia mpira wa kawaida uruke mno. Kinyoya cha badmintoni nacho hupaa kupita kiasi huku juu, hivyo huchaguliwa cha mwendo wa taratibu. Anayejifunza hapa anajifunza kudhibiti pigo kabla ya kujifunza nguvu, na huo ni mwanzo mzuri kwa michezo yote minne.

Nchi nayo imekwisha kufungua macho. Februari na Machi 2024 Kigali iliandaa kwa mara ya kwanza mashindano ya tenisi ya kulipwa ya ngazi ya Challenger, na wachezaji wa kigeni walikuja kutafuta pointi za viwango vya dunia kwenye udongo wa Rwanda. Ni jambo la fahari. Lakini barabara kutoka Kigali hadi Kamembe hupita Huye, ikapanda msitu wa Nyungwe na kushuka kwenye mashamba ya chai ya Gisakura na Shagasha, na safari hiyo inachukua saa nyingi. Mtoto wa Bugarama au Nkanka hawezi kusubiri uwanja wa Kigali uje kwake.

Raketloni inaweza kumfikia kwa sababu mlango wake wa kwanza ni wa bei nafuu. Seremala yeyote wa Kamembe anaweza kutengeneza meza yenye vipimo sahihi kwa mbao za hapa. Wavu wa badmintoni unafungwa kati ya nguzo mbili kwenye uwanja wa shule, asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaamka. Skwoshi inahitaji chumba, na chumba ni ghali, lakini ukuta mmoja wa saruji uliosawazishwa vizuri, wenye mstari uliopakwa rangi, unatosha kufundisha pigo na mwendo. Na saruji nayo inachomwa Bugarama, ndani ya wilaya hii hii. Uwanja wa tenisi unaweza kuwa wa mwisho, jinsi ulivyo wa mwisho katika pambano lenyewe.

Nimeifuata njia ya raketi kutoka Harrow na Pune hadi Mombasa, Unguja, Usumbura na rasi za Bukavu, na kila kituo nilikuta mchezo mmoja ndani ya uzio mmoja, na mtu mmoja nje anaokota mipira. Raketloni ndiyo sura ya kwanza ya historia hii inayokataa utaratibu huo kwa sheria zake zenyewe, kwa sababu haimkubali bingwa wa chumba kimoja. Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa michezo wa Gihundwe, Mururu, Kamembe na Bugarama ni la vitendo: anzeni na michezo miwili, meza na badmintoni, shule kwa shule, wasichana na wavulana, pointi 21 kila mmoja. Mwezi ukiisha ongezeni ukuta. Matokeo yaandikwe ubaoni kwa jumla, kila mtoto na jina lake, ili yule aliyepata saba tu mezani aone kwamba saba zake zimehesabiwa.